Faili la Mama Daktari

Wiki ya sita tangu daktari azikwe, mkewe alikuwa na watu elfu mbili na mia tatu kabatini na hakujua hata mmoja wao yuko rafu gani.

Si kwamba hakujaribu. Mafaili yalijaza kuta tatu za chumba cha daktari, kutoka sakafuni mpaka usawa wa dari, kila moja likiwa na jina kwa mwandiko wa marehemu, na mwanzoni Mama Daktari alidhani ni suala la kufuata herufi tu. Alianza na A. Baada ya A alikuta M, kisha M nyingine, kisha J, kisha mtu aliyeandikwa "Bibi wa Kona" na basi. Akajaribu umri, akakuta mtoto wa mwaka mmoja amebanwa katikati ya wazee wawili. Akajaribu tarehe, nazo zilikuwa zinaruka kama panzi. Akaketi kwenye kiti cha mumewe, akaisoma tena barua ya Baraza la Madaktari.

Barua hiyo ilisema pole kwa sentensi moja. Baada ya hapo ilikuwa kazi tupu. Kumbukumbu za wagonjwa wa marehemu si mali ya familia wala si takataka. Tangazo libandikwe mlangoni. Kila mgonjwa ana haki ya kuchukua faili lake au kusema lipelekwe kwa daktari gani. Yasiyochukuliwa yafungiwe kwa kufuli miaka saba. Asiyehusika asiyasome. Na chini kabisa, mbele ya maneno "msimamizi wa kumbukumbu", mtu wa Baraza alikuwa ameandika jina lake yeye. Hapo ndipo barua ilipomkaa moyoni. Miaka thelathini na minne aliitwa Mama Daktari kwa sababu ya kazi ya mtu mwingine; sasa alikuwa na cheo chake mwenyewe, tena chenye mhuri.

Wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja msibani na begi la siku tatu na mpaka leo hakuonyesha dalili ya kulifunga, hakukiona cheo hicho. Alichoona ni karatasi. Alisema muuza karanga wa kona angezichukua zote kwa kilo, chumba kikabaki cheupe, kikapata mpangaji.

"Majibu ya mkojo wa watu yakafungie karanga?" Mama Daktari alimuuliza.

Wifi akasema anayekula karanga hasomi karatasi. Yeye mwenyewe, lakini, alikuwa na tabia ya kupita karibu na rafu akiwa na kitambaa cha vumbi, na mahali alipofuta zaidi ni pale palipokuwa na faili la mtu anayemjua. Tangu siku hiyo Mama Daktari alianza kutembea na ufunguo wa chumba kwenye mfuko wa gauni, na kitambaa cha vumbi akakificha.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya mbele vya nyumba yao. Ukivuka mlango mmoja umeingia sebuleni, ukivuka wa pili uko jikoni. Na huko jikoni, juu ya friji, ndani ya kikopo cha zamani cha kahawa, kulikuwa na jambo ambalo Mama Daktari hakumwambia mtu.

Miaka kumi na moja nyuma, moyo wake ulianza kwenda mbio bila sababu wakati anakunja mashuka. Mumewe alimsikiliza kifua hapo hapo jikoni, akamshika mkono muda mrefu, na kesho yake akaleta vidonge: cheupe nusu, cha waridi kizima, kila asubuhi. Havikuwa na jina. Vilikuwa "vidonge vyako". Umemeza vidonge vyako? Vidonge vyako vimebaki vingapi? Alivitoa kwenye makopo makubwa ya zahanati, akavikata vyeupe mwenyewe kwa kisu cha matunda, akajaza kikopo. Kikiisha anajaza tena. Mama Daktari hakuwahi kuuliza, kwa sababu nani anamuuliza mume aliyelala naye jana dawa hii inaitwaje.

Wiki ya pili baada ya mazishi alikuja mkaguzi, mtu mpole, akachukua dawa zote za kabatini ndani ya maboksi yenye lakiri, kama sheria inavyotaka. Mama Daktari alitia sahihi, akampa chai. Mkaguzi alipokwisha kuondoka ndipo alipokifungua kikopo akaona chini. Muuza dawa wa barabarani aliiangalia ile nusu kiganjani akasema nyeupe za namna hiyo anazo aina thelathini, na alama iliyokuwa juu yake imekatwa na kisu. Leo, Alhamisi, vilikuwa vimebaki vipande tisa.

*

Daktari mpya alikuwa kijana, na zahanati yake ilikuwa na kiyoyozi. Watu walimwita Daktari Mdogo, si kwa dharau, bali kwa sababu mkubwa alikuwepo mpaka juzi.

Mama Daktari aliingia moja kwa moja mpaka mlango wa ndani, kama alivyozoea kuingia kwa madaktari maisha yake yote. Binti wa mapokezi akamrudisha kwa adabu. Kuna dirisha la kulipia, mama, na kuna namba. Alilipia. Hakuwahi kulipia daktari tangu aolewe, akajikuta ametoa noti na kusubiri aambiwe airudishe. Hakuna aliyemwambia. Alipewa namba kumi na nne, akakaa kwenye benchi kati ya mwanamume anayekohoa na mtoto aliyemkazia macho, akaona kumbe benchi la zahanati ni gumu hivyo. Kwao alikuwa akilipita tu.

Daktari Mdogo alimpokea kwa heshima zote, akasimama, akatoa pole ndefu. Kisha akachukua kalamu.

"Dawa unazotumia, mama?"

"Cheupe nusu, na cha waridi."

"Vinaitwaje?"

Mama Daktari alifikiri. "Vidonge vyangu," alisema.

Kijana hakucheka, na hilo lilimpunguzia aibu kidogo. Alimweleza taratibu kwamba dawa za moyo ni nyingi, na baadhi yake ukizikatisha ghafla moyo unaweza kugeuka vibaya kuliko ulivyokuwa. Anaweza kumpima upya, na atampima, lakini asipojua alikuwa akimeza nini na kwa nini, atakuwa anakisia. Angefurahi sana kuona faili lake. Kwa jinsi marehemu alivyosifika kuandika, alisema, faili la mke wake lazima ni kitabu.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema kweli. Mama Daktari alimtazama yule kijana na koti lake lililopigwa pasi, akafikiria watu kumi na watatu waliomtangulia na wale waliobaki nje, akaona jinsi habari itakavyotembea: daktari yule aliandika mpaka mafua ya watu, mkewe hakumwandika. Wataanza kwa kucheka, halafu watamhurumia. Kicheko angeweza kukivumilia.

"Lipo," alisema. "Nitalileta."

Njiani kurudi alijiambia kwamba si uongo. Huenda lipo kweli. Mtu aliyeandika mafaili elfu mbili na mia tatu hawezi kumruka mtu mmoja, tena wa chumbani kwake. Kilichomuuma ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akimpima kisha akiandika.

*

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, na saa tatu benchi lilikuwa limejaa. Watu kumi na tisa. Wengi walikuja kuchukua mafaili. Wachache walikuja kuona wengine wanachukua nini. Mama mmoja alimnong'oneza Mama Daktari ugonjwa wake sikioni kabla hajaulizwa, kisha akamwapisha asimwambie mtu. Mwanamume mwingine aliomba ahudumiwe wa kwanza kwa sababu mkewe anakuja saa nne, na alipendelea faili lake liwe limeshaondoka saa hiyo.

Mama Daktari alitafuta. Alipanda kiti, akashuka, akapiga magoti. Kufikia saa tano alikuwa amepata manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya watu ambao hawakuja. Benchi lilianza kuguna. Wifi, aliyekuwa amejipa kazi ya mapokezi bila kuombwa, akatoa wazo kwa sauti kwamba kila mtu aseme anaumwa nini, ili mafaili yatambulike haraka. Kila mtu kwenye benchi akaanza kuangalia viatu vyake. Mama Daktari alimwomba wifi yake akachemshe chai, na chai ichukue muda.

Alipogeuka, mwisho wa benchi alimwona Sista.

Sista alikuwa muuguzi wa zahanati hiyo kwa miaka kumi na tisa. Siku ya mazishi alilia mpaka watu wakachanganyikiwa. Wageni wawili walimshika mkono yeye, wakampa pole ya mume, wakampita Mama Daktari kama mtu wa jirani. Jioni yake, mbele ya wanawake wote waliokuwa wakiosha vyombo, Mama Daktari alimwambia, "Sista, mwenye mume ni mimi." Kesho yake Sista aliweka funguo mezani, akaaga, na hakuonekana tena. Mama Daktari alikuwa amejutia maneno yale tangu yalipomtoka, lakini kujuta ni jambo moja, na kumfuata mtu nyumbani kwake ni jambo jingine.

"Nimekuja kuchukua faili langu," Sista alisema. "Na mimi nilikuwa mgonjwa wake."

"Subiri zamu."

"Nasubiri."

Akasubiri. Alimtazama Mama Daktari akipanda kiti na kushuka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mikono ameikunja mapajani kama mtu anayejizuia kujikuna. Mwisho uvumilivu ulimwisha.

"Mama, samahani. Unatafutaje?"

"Kwa majina. Kwani watu wanatafutwaje?"

"Yeye majina yalikuwa yanamponyoka. Alijua nyumba." Sista alisimama. "Anza mlangoni. Umetoka na begi, unakwenda kutembelea wagonjwa. Umeshika mkono wa kushoto. Nyumba ya kwanza ya nani?"

"Fundi baiskeli."

"Basi rafu ya chini, kushoto kabisa."

Mama Daktari akainama. Fundi baiskeli alikuwepo, na mkewe, na watoto wake watatu, na nyuma yao mama mkwe, kwa sababu chumba chake kilikuwa cha uani. Baada yao alikuja muuza mitumba wa nyumba ya pili. Baada ya muuza mitumba, Bibi wa Kona, pale pale penye kona. Miaka thelathini daktari alikuwa amepanga mtaa mzima kwenye ukuta jinsi alivyoutembea kwa miguu, na mtu akihama nyumba, faili lake lilihama rafu.

Kazi ikageuka mchezo. Benchi lote likaingia: huyu anasema kwetu ni baada ya kisima, yule anasema hapana, kabla. Mahali pamoja mafaili yaliruka ghafla kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, yakaenda nyumba nne, yakarudi. Mama Daktari aliuliza kuna nini hapo. "Palikuwa na mbwa," Sista alisema. Mbwa huyo alikufa miaka mingi iliyopita, lakini kabatini daktari alikuwa bado anavuka barabara kumkwepa. Mama Daktari alicheka mpaka akalazimika kushika rafu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba.

Saa tisa benchi lilikuwa tupu. La mwisho kutolewa lilikuwa la Sista, mbali kule baada ya shule. Mama Daktari alilitafuta mwenyewe, akalifuta vumbi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Sista alilitia kwenye mkoba bila kulifungua. Lakini hakuondoka, na Mama Daktari naye hakuenda kufunga mlango. Alikuwa ameendelea na matembezi. Alishika upande wa pili wa barabara, akarudi nyumba kwa nyumba, duka la vyuma, mwalimu mstaafu, mapacha wa rangi ya kijani, hao walioitwa hivyo kwa sababu ya geti lao. Akafika kwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Baada ya jirani, rafu iliisha. Akapapasa mbao kwa kiganja.

"Hapa pangekuwa kwetu," alisema.

"Ndiyo."

"Mbona sisi hatumo?"

"Nyie hamkuwa wagonjwa, mama. Nyie mlikuwa nyumbani."

Ndipo Mama Daktari akamweleza yote: kikopo, Daktari Mdogo, uongo alioutoa. Vimebaki vinne. Sista alisema kabatini zilikuwemo nyeupe za aina tano, na daktari ndiye aliyekuwa akimtolea mkewe kwa mkono wake. Mambo ya jikoni hakuwahi kuyaingilia. Cha waridi alikijua, akaonekana kama anataka kusema neno, akaliacha. Alichosisitiza ni waende kwa yule kijana sasa hivi, wamwambie hakuna faili.

"Watasema alinisahau."

"Moyo wako ukisimama watasema zaidi."

"Mimi nauliza," Mama Daktari alisema. "Elfu mbili na mia tatu, Sista. Mpaka mama mkwe wa fundi baiskeli. Mimi alinisahau?"

Sista alisema atarudi kesho asubuhi, amsaidie wagonjwa waliobaki, kisha watakwenda pamoja, apende asipende.

*

Kesho yake wa kwanza kuingia alikuwa Fundi, si yule wa baiskeli bali mshonaji wa suruali za watu wote wa pale, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Faili lake lilitoka mara moja: nyumba ya saba, kulia, baada ya kinyozi. Wengine walibeba yao wakaenda kuyafungulia vitandani. Fundi aliomba kiti, akavaa miwani, akalifungua pale pale, na ilikuwa wazi kuna kitu anakitafuta na anaomba asikikute.

Alikikuta ukurasa wa pili. Akaguna.

"Ameandika," alisema. "Nilimwomba asiandike."

Sista aliangalia dirishani, midomo ameibana. Yeye alijua, maana alikuwepo. Fundi, anayeshika sindano toka asubuhi mpaka jioni na huzihifadhi kati ya meno, akiiona sindano ya daktari huzimia. Alizimia mara mbili, na ya pili alimwangukia Sista na trei yake. Yote yalikuwa yameandikwa, na tarehe.

Fundi aliendelea kusoma kwa kidole, pole pole, mwandiko ukimsumbua. Ukurasa wa nne kidole kilisimama. Alirudia mstari huo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama Daktari, humu ndani umeandikwa wewe."

Mama Daktari alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Barua ya Baraza ilikuwa imebandikwa ukutani mbele yake. Asiyehusika asiyasome. Wiki nzima alikuwa amemfukuza wifi yake kwenye rafu hizo kwa maneno hayo hayo. Wote watatu wakaisoma barua kutoka juu mpaka kwenye mhuri, na hakuna mahali iliposema mstari wa mtu fulani ukiwa ndani ya faili la mtu mwingine ni wa nani.

Mlangoni sakafu ililia kidogo. Mama Daktari alifungua, akamkuta wifi yake ameinama, anatafuta, alisema, herini. Masikio yote mawili yalikuwa na herini. Aliombwa aende sokoni, akaenda kwa shingo upande, akiacha nyuma maneno kwamba nyumba hii ilikuwa ya kaka yake.

"Faili si langu?" Fundi alisema mlango ulipofungwa. "Kama ni langu, basi mwenye kuruhusu ni mimi. Nimekuruhusu. Sista asome, yeye ndiye anayejua mwandiko. Asome yote, na yale ya sindano, tusichague."

Sista akasoma. Ya sindano aliyapita haraka, kwa huruma. Kisha akafika.

"'Mapigo yanakimbia. Nimemwanzishia dawa ile ile ninayompa mke wangu.'" Akataja jina la dawa, jina refu, na Mama Daktari akalisikia kwa mara ya kwanza. "'Nusu kila asubuhi, kama yeye. Mke wangu ana mwaka mmoja nayo na haijamsumbua. Halali tena na mkono kifuani. Ameanza kuimba tena akipiga pasi, na anaimba vibaya kama zamani.'"

Sista akafunua ukurasa.

"'Fundi analalamika miguu ya baridi. Ni dawa. Mke wangu pia, ila yeye huja kuiwekea mgongoni kwangu.'" Akafunua tena. Miaka ilikuwa inapita. "'Mke wangu amepanda ngazi za ukumbi wa harusi bila kupumzika. Fundi naye ajaribu kutembea.' 'Mapigo ya Fundi sabini. Mke wangu sitini na nane, nimempima akidhani namshika mkono tu.'" Sista akashusha kidole mstari uliofuata. "'Leo nimempunguzia Fundi dozi, nione. Kwa mke wangu sithubutu.'"

Mama Daktari alikuwa amekaa, mikono miwili mezani. Alikuwa akilia bila kujificha. Miaka kumi alikuwa akiandikwa, mwezi baada ya mwezi, ndani ya faili la mshonaji. Mumewe hakumsahau hata siku moja. Alichokosa ni mahali pa kumweka. Mtu aliyepanga watu kwa nyumba anazozitembelea hakuweza kujigongea mlango mwenyewe, akaenda akaandikia habari za kwake nyumba ya saba.

"Kumbe mimi nilikuwa kitambaa cha kujaribia mkasi," Fundi alisema, lakini na yeye alikuwa amevua miwani.

"Na cha waridi?" Mama Daktari aliuliza. "Fundi, wewe cha waridi unameza?"

Fundi hakuwahi kukiona. Wote wakamgeukia Sista, na Sista safari hii hakuwa na pa kukimbilia. Alieleza kwamba mwaka ule wa kwanza Mama Daktari alimlalamikia mumewe wiki nzima kuwa wenzake wote wanapewa dawa mbili, tatu, yeye mke wa daktari anapewa nusu kidonge kama kuku. Daktari akaja zahanati, akachagua kopo lenye rangi nzuri.

"Vitamini, mama. Za watoto."

"Miaka kumi na moja?"

"Alisema vinakupendeza."

Mama Daktari alitaka kukasirika, na alijitahidi kwa dakika nzima. Alimwita marehemu mwongo, akamwita tapeli, akamwita jina ambalo alikuwa akimwita wakiwa wawili tu, na hapo akagundua anacheka huku machozi yanamtiririka, na Sista anacheka na kulia vile vile, kwa sauti kubwa, na safari hii hakuona sababu ya kumnyamazisha. Alisogeza kiti, wakakaa bega kwa bega.

*

Walikwenda kwa Daktari Mdogo watatu, Fundi katikati, faili kwapani. Walilipia dirishani kama watu wengine, wakapewa namba tisa. Safari hii Mama Daktari hakulilaumu benchi. Alikuwa amebeba mto.

Alipoingia alisema kwanza lililomleta. "Daktari, nilikudanganya. Sina faili." Kisha akamwonyesha Fundi. Fundi akatia sahihi karatasi kwamba anaruhusu, akaomba ukurasa wa pili usitiliwe maanani, akaelekeza kidole ukurasa wa nne. Kijana alisoma. Alisoma muda mrefu kuliko dawa moja inavyohitaji, na alipofika kwenye kupiga pasi alikohoa. Akampima moyo kwa mashine yenye nyaya, akalinganisha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Dawa ndiyo hiyo, na itaendelea bila kukatika. Akaandika cheti cha dawa hapo hapo, na vipande vitatu vilivyobaki vikawa si vya kuogopesha tena.

Cha waridi alisema kinaweza kuachwa.

"Niandikie," Mama Daktari alisema. "Ila andika na kwamba najua."

Kijana akatoa jalada jipya, lisilo na hata mkunjo, akaandika juu yake jina la Mama Daktari, lile alilopewa na wazazi wake. Akaanza kujaza ukurasa wa kwanza: umri, uzito, mapigo. Matibabu yalianza lini. Aliyekuwa akimtibu ni nani. Alijaza mwenyewe bila kuuliza. Mstari uliofuata ulikuwa na visanduku vinne vya kutia alama: mwezi mmoja, miezi mitatu, miezi sita, mwaka.

"Alikuwa anakuona kila baada ya muda gani, mama?"

Lilikuwa swali la fomu tu. Mama Daktari aliviangalia vile visanduku kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Kila asubuhi," alisema.

Daktari Mdogo alishika kalamu juu ya karatasi kidogo. Halafu akachora kisanduku cha tano kwa mkono, pembeni, akaandika mbele yake kama alivyoambiwa, akakitia alama.